Wiki Sita Kabla ya Kitangari

Wenzangu wa masjala waliponiaga mwezi uliopita, kila aliyesimama kusema alitaja miaka niliyofanya kazi. Hakuna aliyetaja siku nilizokwenda likizo, na siwalaumu, maana zilikuwa chache. Nawaandikia ninyi mnaobaki, na zaidi ninyi wanafunzi wa sheria mnaokuja kwetu kila chuo kinapofungwa kwa likizo ndefu, na barua ya chuo mkononi na kitabu cha kujaziwa kila wiki. Ninyi mnaita fildi. Sitawaeleza nilipandishwa daraja lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili hilo nimelifunga mwenyewe. Nitawaeleza niliyoyaona.

Mimi ni mtoto wa Lulindi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu mtu akikaa bila kazi aliulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa karani wa masjala katika mahakama moja ya mwanzo huko Newala, nilipanda na sanduku langu nikiwa na nia ya kuwashinda wote kwa kuchapa kazi.

Nilipokewa na Mzee Mnali, karani mkuu. Wakati ule hakuwa hata na miaka hamsini, lakini kila mtu alimwita mzee. Alivaa kofia ya kufuma na sweta la rangi ya ugoro, maana asubuhi za Newala zina baridi ambayo watu wa bondeni hawaiamini. Hakunipa faili. Alinipa sindano kubwa, uzi na mrundo wa karatasi, akanionyesha namna ya kutoboa na kushona ili ukurasa wa kwanza usichanike faili likifunguliwa mara mia. Wiki mbili nzima nilishona mafaili.

Siku ya tatu mama mmoja alisimama mlangoni, ameshika samansi kwa mikono miwili. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

"Namba ya kesi?" nikauliza.

Mzee Mnali akaweka kalamu chini. "Binti," akasema taratibu, "kwanza kiti. Halafu maji. Namba ya kesi haikimbii."

Maji huko juu si jambo dogo. Kila ndoo ilikuwa imepandishwa kutoka bondeni juu ya kichwa cha mtu. Lakini masjala ya Mzee Mnali haikukosa mtungi na kikombe cha bati, na nimeona watu walioingia wakiwa tayari kupigana wakinywa maji yale na kusahau nusu ya matusi waliyokuja nayo.

Jambo moja tu lilinikera. Ikifika saa tisa na nusu alifunika taipureta kwa kitambaa, akafunga kabati, akaenda msikitini kuswali alasiri, kisha shambani kwake. Mafaili yangekuwa yamejaa hadi dirishani, yeye alifunga. Nilimwona mvivu. Mimi nilibaki hadi giza linaingia, na Jumapili baada ya ibada nilikuwa nafungua tena. Hakimu alinisifu mbele ya watu.

Jumapili moja niliandika samansi thelathini na mbili kwa mkupuo mmoja. Moja niliikosea tarehe. Mzee mmoja wa kijiji cha bondeni alikuja kwenye kesi ya urithi wake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amefuatana na wanawe wawili, kumbe kesi yake ilikuwa imefutwa wiki iliyotangulia kwa kuwa hakutokea. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akanywa maji, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nimemkosea nani?"

Mzee Mnali alitoa nakala, akaona mwandiko wangu. Akanichukua hadi kwa hakimu, akasimama pembeni yangu nikieleza. Kesi ilirudishwa. Tulipotoka aliniambia, "Yule mzee hajui kama ulichoka au ulimfanyia makusudi. Kwake yeye ni tarehe mbaya tu." Kisha, kwa kuwa ilikuwa saa tisa na nusu, akafunga kabati, akasema, "Leo unifuate."

Alinipeleka hadi ukingo wa uwanda, pale wanapopaita Shimo la Mungu. Nilikuwa nimekaa Newala miezi minne, na sikuwahi kufika. Ardhi inaisha ghafla chini ya miguu yako. Chini kabisa kuna misitu ya bluu, halafu Ruvuma unang'aa kama uzi, halafu nchi nyingine, Msumbiji, imelala mpaka macho yanachoka kuifuata. Mawingu yalikuwa chini yetu. Nilishika kanga yangu kifuani, nikajikuta nanong'ona kama niko kanisani.

"Mbona sikuambiwa?" nikasema.

"Imekuwepo siku zote," akasema Mzee Mnali. "Wewe ulikuwa ndani."

Ningependa kuwaambia kwamba nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Niliacha kufungua masjala Jumapili, basi. Niliolewa na mwalimu wa kwetu Lulindi, nikazaa, na mwanangu wa kwanza, Neema, alipopata kipaimara, mama yake alikuwa Newala akipanga vielelezo vya kesi iliyotakiwa kesho yake. Kesi ile iliahirishwa kwa sababu hakimu alikuwa na mafua. Neema ana picha ya siku ile, amevaa gauni jeupe, kasimama kati ya baba yake na shangazi yake. Iko ukutani kwangu. Naipita kila siku nikienda jikoni.

Baadaye nilihamishiwa Masasi, kwenye baraza la ardhi. Huko hakuna ubaridi wala mawingu chini ya miguu. Kuna milima ya mawe iliyosimama nyuma ya mji kama watu waliokuja kusikiliza kesi, kuna bodaboda, na kuna msimu wa korosho ambao ukikaribia, kila mpaka wa shamba unaanza kuuma. Huko ndiko nilikoanza kupokea wanafunzi wa sheria. Nimewapokea wa kila namna. Wapo waliokuja na suti nyeusi, na baada ya siku mbili za vumbi jekundu suti zikawa rangi moja na barabara. Wapo waliotaka muhuri kwenye kitabu tu, wakauliza kwa adabu kama naweza kuwagongea wiki zote nane siku moja. Wapo pia wa kundi langu, waliodhani sheria ni shimo la kulijaza kwa kujitupa wenyewe ndani.

Tausi alikuwa wa kundi hilo. Mwaka wa tatu, kutoka Dar es Salaam, mwembamba, anaongea haraka, anaandika haraka zaidi. Wiki ya kwanza alinipangia rejesta ya miaka mitano. Wiki ya pili aliniomba funguo ili aweze kuwahi kabla yangu. Kulikuwa na wakili mmoja wa Dar aliyekuwa akimtumia kazi kwenye simu, amwandikie nyaraka, akimwahidi kumchukua akimaliza chuo. Kwa hiyo baada ya kazi za baraza alifungua kompyuta yake na kuanza kazi ya pili, na baada ya hiyo ilikuwepo ripoti ya chuo. Alikula chapati amesimama. Mchana mmoja nilimkuta amelala juu ya karatasi nilizotoka kuzigonga muhuri, na alipoinua uso, shavuni palikuwa na nusu ya neno IMEPOKELEWA, kinyumenyume.

"Nenda nyumbani," nikamwambia.

"Mama Neema, wenzangu wako kwenye ofisi kubwa kubwa huko Dar. Mimi nimepangiwa Masasi. Nikipumzika wataniacha."

"Una ndugu huku?"

Akasita kidogo. "Bibi yangu, mama yake baba. Yuko Kitangari."

"Umeshakwenda kumwona?"

"Jumamosi hii."

Jumatatu nikamwuliza. "Jumamosi ijayo, Mama Neema, wakili alinitumia kazi." Jumatatu nyingine ikawa ripoti. Nyingine ikawa kufua. Jumatatu ya nne sikuuliza. Nilichemsha chai, nikamwekea mbele yake, nikakaa. Akaizungusha ile bilauri muda mrefu, halafu akasema mwenyewe.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, wakamzika Dar. Bibi alisafiri kutoka Kitangari kwenda kumzika mwanawe wa pekee. Alikaa siku saba, na siku ya kuondoka akamshika Tausi uso kwa viganja viwili, akamwambia, "Utakuja kwangu." Hakwenda. Mama yake aliolewa kwingine, simu ya jirani waliyokuwa wakipigia ikapotea, mwaka ukapita, ukapita mwingine.

"Miaka kumi na mbili, Mama Neema. Nikisimama mlangoni kwake nitasema nini? Nikiwa kazini angalau nina sababu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kazi ni mahali pazuri pa kujificha kwa sababu hakuna anayekuja kukutafuta; wote wanakupongeza. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu anywe chai kabla haijapoa.

Wiki ile ile, Alhamisi, baraza lilikuwa na safari ya kukagua shamba lenye mgogoro, na shamba lilikuwa Kitangari.

Niwaeleze kesi yenyewe, ni fupi. Kulikuwa na mashamba matatu ya mikorosho yaliyopangana kando ya njia moja. La kwanza la Bwana Rashidi. La katikati la mama mmoja aitwaye Somoe, aliyeachiwa na baba yake. La tatu la mjane mzee ambaye hakuwa na kesi na mtu. Somoe alikuwa na karatasi ya zamani ya kijiji inayosema shamba la baba yake lina upana wa hatua themanini. Alipolipima lilikuwa na sitini na nane. Akasema Rashidi amemmega hatua kumi na mbili. Rashidi akaapa hajawahi kusogeza mpaka hata kwa unyayo. Walikuwa majirani wa kuombana chumvi. Ikafikia hata mke wa Rashidi alipofariki, Somoe hakuvuka njia kwenda kumzika. Mwenyekiti wetu alizisoma karatasi zao mara nyingi, na kila aliposoma, wote wawili walionekana wanasema kweli. Ndiyo maana akataka twende tukaone kwa macho.

Garini tulikuwa Mwenyekiti, wajumbe wawili wa baraza, dereva, Tausi na mimi. Gari lilipoanza kupanda uwanda, Tausi alikuwa anaandika. Nikamwambia chini chini, "Tukimaliza tutampitia bibi yako."

"Tutakuwa na haraka, Mama Neema," akasema, na hakuinua macho.

Ilikuwa wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na majani yote yamepakwa unga wa njano, hata hewa ilikuwa ya njano. Wadaawa walitungoja njiani, kila mmoja upande wake. Tukaanza kupima kwa futi kamba, Tausi ameshika ncha moja, anachora ramani kwenye daftari, na mimi nikiandika maelezo. Tulipima kutoka kwa Rashidi. Shamba la Rashidi lilikuwa sawa na karatasi zake. Shamba la Somoe lilikuwa pungufu, kama alivyosema. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Kuna mtu anayeijua mipaka hii tangu mwanzo?" akauliza.

Lilikuwa jambo la kwanza Rashidi na Somoe kukubaliana siku ile. "Mama Hamisi," wakasema kwa pamoja. "Yule jirani wa mwisho. Waliokuwa wanajua wengine wote wamekwisha."

Mama Hamisi wako wengi huko juu kama mikorosho. Sikushtuka, na Tausi naye hakushtuka. Wakaenda kumwita. Alitoka kati ya miti yake, mwanamke mrefu aliyeanza kupinda mgongo, kanga imefunika kichwa, uso na mikono njano kwa salfa. Alinawa mikono kwa maji kidogo sana, akaapa kwa dini yake, akasimama wima.

"Taja majina yako, Mama," akasema Mwenyekiti.

"Mwanahawa binti Saidi. Mke wa marehemu Nangolo. Hapa wananiita Mama Hamisi. Hamisi mwenyewe hayupo tena, kaburi lake liko Dar es Salaam."

Niliona ncha ya futi kamba inaanguka kwenye majani.

Tausi hakuiokota. Nilimtazama, na nitasema kweli, nilidhani atanyamaza. Ningekuwa mimi katika umri wake ningenyamaza, nikamaliza kuchora, nikapanda gari. Akapiga hatua moja mbele. Sauti yake haikuwa ya haraka tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba niseme neno."

"Sema."

"Shahidi huyu ni bibi yangu. Mama yake baba yangu. Sikujua hadi alipotaja majina. Sistahili kushika kumbukumbu hizi, naomba niondolewe."

Bibi Mwanahawa alimtazama yule binti kuanzia miguuni hadi usoni, polepole, kama mtu anayesoma.

"Wewe ndiye Tausi?"

"Ndiye mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Akainua mkono kumzuia asisogee. "Kaa pale kwenye gogo, mjukuu wangu. Niko kwenye kiapo."

Nimeona mawakili wakubwa, nimeona majaji waliotutembelea. Sijaona mtu akiiheshimu sheria namna ile. Miaka kumi na mbili, na hatua tano kati yao, na hakuzivuka kwa sababu alikuwa ameapa kwanza.

Mwenyekiti aliwauliza wadaawa kama wana pingamizi. Hawakuwa nalo. Hata hivyo akaamuru ile ramani iwekwe kando na vipimo vyote virudiwe tangu mwanzo, mimi nikichora. Kisha akamwomba shahidi aonyeshe mipaka.

Bibi alianza kutembea, na sisi tukamfuata. Aliweka kiganja kwenye kila mti. "Huu alipanda baba yake Rashidi, nilikuwa mwari nimetoka ndani juzi. Huu ulipigwa na radi, ukachipua upya. Huu, mke wa Rashidi alikuwa anapumzika hapa akitoka kuchota maji, Mungu amrehemu." Hakukosea mpangilio, hakurudi nyuma. Mpaka wa Rashidi na Somoe aliuonyesha palepale Rashidi alipouonyesha. Somoe akaanza kulia kwa hasira. Nikajua kesi imekwisha, nikaanza kufunga daftari.

Bibi hakusimama. Aliendelea, akavuka shamba lote la Somoe, akaingia kwenye shamba lake mwenyewe, ambako hakuna aliyemwuliza kitu. Akasimama kwenye mstari wa kwanza, mikorosho saba mikubwa, mizuri kuliko yote.

"Mpaka haukuwa hapa," akasema. "Ulikuwa kule nyuma yangu, nyuma ya mstari huu wa miti. Baba yake Somoe alikwenda ng'ambo ya Ruvuma kumwuguza ndugu yake. Mvua ilikuwa nzuri, mume wangu alikuwa anapanda, ikabaki miche saba. Akasema, naipanda hapa, akirudi nitamwambia. Yule akarudi ni mgonjwa, hakufika tena shambani hadi alipofariki. Somoe alikuwa mtoto. Mume wangu akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Hatua zake kumi na mbili ni hapa niliposimama."

Mwenyekiti aliivua miwani yake. "Mama, unaelewa unachosema? Mikorosho hii leo inajulikana ni yako."

"Ninaelewa. Walipoanza kugombana nilikwenda mlangoni kwa Somoe mara mbili, nikarudi bila kubisha hodi. Unaogopa mlango, ukiuogopa siku moja, kesho unakuwa mkubwa zaidi." Akamgeukia Rashidi. "Mkeo amezikwa na jirani yake hayupo, kwa ajili ya kimya changu. Hilo siwezi kulirudisha. Miti naweza."

Tulipima. Nilimwomba mjumbe mmoja ashike futi kamba. Kutoka mpaka wa Rashidi hadi nyuma ya mstari ule wa mikorosho saba ilikuwa hatua themanini za karatasi ya zamani, pungufu ya unyayo mmoja. Mwenyekiti alizisoma namba mara mbili kwa sauti. Mwanamke yule hakujua kusoma wala kuandika, na alikuwa ameibeba ramani yote kichwani.

Tausi alikuwa bado kwenye gogo. Nilipomwangalia alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili, na nikakumbuka kwamba miti ile, kwa hesabu ya kawaida ya dunia, ingekuwa yake siku moja.

Mwenyekiti alipomwambia shahidi kwamba ushahidi wake umekamilika na yuko huru, Bibi alivuka zile hatua tano. Akamshika mjukuu wake uso kwa viganja vya njano.

"Umefika lini huku?"

"Hii ni wiki ya sita, Bibi." Tausi alikuwa anajitahidi kutolia. "Kazi zilikuwa… Hapana. Niliogopa."

"Nimesikia," Bibi akasema. "Na wewe umenisikia mimi. Basi tumeshamaliza hayo. Umekula?"

"Bado."

"Nishikie ndoo, twende."

Mwenyekiti, ambaye katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akicheka, alinijia akaniambia kwa sauti ya kazini kwamba mwanafunzi anatakiwa kuripoti Jumatatu, si kabla ya hapo. Tausi alikuja garini mbio kuchukua begi. Akalifungua, akatoa kompyuta, akanikabidhi. "Nitunzie hii, Mama Neema." Akarudi mbio kati ya ile miti, na kisigino chake kila kilipogusa chini kilitimua vumbi la njano.

Jumatatu alikuja na mikono inayonuka salfa, na uso wa mtu aliyelala. Alikaa nje ya masjala akampigia simu yule wakili, akamwambia kuanzia sasa ataweza kufanya kazi zake jioni mbili kwa wiki, na mwisho wa wiki hatapatikana kabisa. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilikuwa dirishani, sikujizuia kusikiliza. Wakili akasema, "Sawa." Neno moja. Wiki sita alikuwa akiliogopa lile neno moja. Ijumaa iliyofuata alipanda basi la Newala, na rejesta zangu, nilizodhani zingeharibika bila yeye, zikaendelea kuwa rejesta.

Kesi iliisha kwa mapatano. Somoe alipata shamba lake na mikorosho saba ndani yake. Alimwomba Bibi aendelee kuokota korosho za mstari ule msimu ule, kwa sababu yeye ndiye aliyepuliza salfa. Bibi akakataa. "Nimeokota za kutosha," akasema. Tausi alinisimulia kwamba siku chache baadaye Somoe alijifunga kanga mbili, akavuka njia, akakaa kwenye baraza ya nyumba ya Rashidi tangu asubuhi hadi adhuhuri kumpa pole ya mkewe, na kwamba alipoondoka Rashidi alimsindikiza hadi mpakani.

Ijumaa ya mwisho ya fildi ya Tausi, Bibi mwenyewe alishuka Masasi. Alitaka kuona mahali mjukuu wake alipofanyia kazi. Nilimwona amesimama kwenye mlango wa masjala, anatazama rafu zilizojaa kuanzia sakafuni hadi darini, na kabla sijamwambia karibu akavua ndala zake, akaziacha nje, akaingia peku.

"Hizi zote ni za watu?" akauliza.

"Za watu, Bibi."

Alipita kati ya rafu bila kugusa kitu. Halafu akauliza kesi yao iko wapi. Tausi akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali, nikalitoa faili mwenyewe na kulifungua mezani kwenye ramani niliyoichora siku ile. Hakuna cha kusoma pale, ni mistari na viduara. Bibi aliinama. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye viduara saba, kikavigusa kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alisema kitu kwa Chimakonde, kwa sauti ndogo, ambacho hata mimi sikukisikia vizuri.

"Na hii itakaa hapa hadi lini?"

"Miaka mingi, Bibi," akasema Tausi. "Hata sisi tukiwa hatupo, mtu akija kuuliza, ataikuta."

Bibi aliweka kiganja chake chote juu ya ile karatasi. "Basi mume wangu Nangolo naye sasa amesema," akasema.

Akatoka, akavaa ndala zake, akamwambia Tausi wakatafute chakula kwa sababu basi la kupanda juu linaondoka saa nane. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya rafu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikukumbuka ni kazi gani iliyokuwa ikinisubiri, wala sikuitafuta.